Kitabu Kilichogeuzwa

Kila Jumatatu nilifika darasani kabla ya wenzangu, nikafuta ubao, nikaketi nyuma kabisa, mahali ambapo hakuna anayeulizwa swali. Jumatatu ile sikufika hata ubaoni. Daktari Harpaz, mhadhiri wetu chuoni, alikuwa amesimamisha kamera katikati ya chumba, na mbele yake kiti kimoja.

"Cha babu yako," alisema.

Nilidhani babu angesimama kufundisha. Alikuwa koridoni na shati lake la Sabato, akipitia karatasi zake. Daktari alikuwa ameniomba nimlete aje awafundishe wanafunzi wa Kiebrania jinsi Wayahudi wa Yemen wanavyosoma Torati. Wiki mbili nzima, kule kwetu Rosh HaAyin, babu Saadia alijiandaa kwenye meza ya jikoni, akimfukuza bibi na sufuria zake. Maisha yake yote alikuwa fundi viatu. Hakuna chuo kilichowahi kumwita mwalimu.

Aliketi. Kabla hajamaliza salamu, Daktari alimwekea mbele kitabu cha Torati, juu chini.

"Soma, mzee."

Babu akasoma. Utotoni mwake, Sana'a, watoto tisa walizunguka kitabu kimoja. Yeye, mdogo wao, aliangukia upande ambao herufi zote zimesimama kwa vichwa, akajifunza kusoma hivyo hivyo. Daktari akakilaza kitabu ubavu. Babu akasoma. Simu zikainuliwa kumrekodi.

"Na tukikining'iniza darini, je?" Daktari aliuliza, darasa likaangua kicheko.

Katika sinagogi letu, Torati ikisomwa, watu humkatiza msomaji kwa sababu moja tu: kumrekebisha. Babu alirudisha kidole mwanzo wa mstari, akausoma upya, polepole, kila herufi ya kooni akiitamka kikamilifu. Wakacheka zaidi. Akanitafuta kwa macho kule nyuma.

"Nimekosea wapi, Zohara?"

Miaka sita imepita na bado sijui nilimchukia nani zaidi, Daktari, au mimi niliyekuwa nimeng'ang'ania ukingo wa meza. Muhula mzima alitufundisha juu ya watu wetu kwa picha za ukutani. Sasa mmoja wao ameketi mbele yake, na hataki kumsikia.

Daktari alitazama saa, akamshukuru, akasema inatosha. Karatasi za babu zilikuwa bado zimekunjwa mapajani.

Nilisimama. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyoizoea.

"Hujakosea popote, babu. Na wewe, Daktari, uliniambia unamwita mwalimu. Basi kaa chini ufundishwe."