Pumzi ya Bunduki

Kile kipande cha mtutu bado kiko jikoni kwangu. Urefu wake haufiki shubiri. Kila asubuhi nakiweka mdomoni, napuliza makaa hadi yawake. Wajukuu wanakiita bomba la kukhu, na mimi kukhu wao, bibi yao, sijawahi kuwaambia kilikatwa wapi.

Mwaka wa tatu baada ya vita tulikuwa tukiishi kwenye shamba la Mzungu upande wa Kitale. Mume wangu, Wekoye, ndiye aliyekuwa fundi wa hapo. Alizaliwa Kimilili katika ukoo wa wahunzi, akaenda Burma na Keya, jeshi la Mwingereza, akarudi akizijua bunduki kama mama anavyozijua homa za mwanawe. Mwenye shamba tulimwita Bwana Haraka. Hakuwahi kumsikiliza mtu hadi mwisho wa maneno yake.

Alhamisi alikuja karakana na bunduki aliyorudi nayo kutoka vitani, ile aina inayojipakia yenyewe: unafyatua, ganda linaruka, risasi nyingine inapanda bila mkono wako. Urefu wake ulimkera kwa sababu ilikuwa ikimgonga farasi begani. Akachora mstari wa chaki karibu na mdomo wa mtutu.

"Kata hapa. Jumamosi mimi nataka."

Sote tuliijua hiyo Jumamosi. Ng'ombe wa maskwota, sisi wafanyakazi tulioishi shambani mwake, walitakiwa wawe wamevuka mto Nzoia. Watakaobaki wangepigwa risasi. Na kaka yangu Mukhisa alikuwa ameapa mbele ya watu kwamba atasimama katikati ya ng'ombe wake, apigwe yeye kwanza. Mukhisa hakuwa mtu wa kuapa ovyo.

Wekoye aliugusa mstari wa chaki. "Bwana, ikikatwa hapa itakosa pumzi."

"Pumzika?" Uso wa Bwana Haraka ukaiva. "Hapana pumzika! Wewe mvivu sana. Kazi kwanza, pumzika baadaye!"

Akaenda zake. Mimi nilikuwa mlangoni na kibuyu cha uji, nikabana kicheko. Wekoye hakucheka.

"Ni pumzi gani hiyo?" nikamuuliza.

"Si unaikumbuka mivukuto ya baba? Ule mfereji wa udongo wa kupeleka upepo motoni, aliupima kwa kiganja. Ukiwa mfupi mno, upepo unatawanyika kabla ya kufanya kazi." Akaweka kidole kwenye kitundu kidogo ubavuni mwa mtutu. "Hapa ndipo moshi wa baruti unapoingia. Wazungu wanauita gesi. Unasukuma chuma hiki kirudi nyuma, ndipo ganda linatoka. Lakini unasukuma tu wakati risasi bado imeuziba mtutu kama kizibo. Kutoka kitunduni hadi mdomoni, hiyo ndiyo pumzi yake. Akikata hapa, risasi ikipita kitundu tayari iko nje, na moshi unaifuata. Chuma kitarudi nusu ya njia, kikwame."

"Kwa hiyo itapiga ngapi?"

"Moja. Ya pili mpaka aivute kwa mkono, na ganda likiwa limeng'ang'ania."

Nilivuta pumzi yangu mwenyewe. "Basi kata, Baba Jotham. Kata ukae kimya."

"Naweza kukipanua kitundu kidogo, kinywe moshi mwingi kwa ule muda mfupi. Ni kazi ya robo saa na keke ya kutobolea chuma." Alisema polepole, kama mtu anayeungama kanisani. "Burma nilimzika kijana wa kijiji cha Matulo aliyekufa ameishika bunduki iliyokwama. Haikuwa imepitia mikononi mwangu. Lakini nilimzika."

"Na wangu nitamzika na nani?"

 Aliifunga bunduki kwenye meno ya jiliwa isicheze, akachukua msumeno. Sauti yake iliniingia kwenye meno.

Ijumaa, alipokwenda kunawa, nilichukua ile ncha nyembamba ya keke nikaizika ndani ya unga wa wimbi. Aliporudi aliitafuta juu ya meza, chini ya meza, akapekua kopo la misumari.

"Mama Jotham, hujaiona ncha yangu ndogo?"

"Ncha gani?"

Aliitazama mikono yangu, imejaa unga hadi viwikoni, na siku hiyo sikuwa nikisonga ugali. Akachukua tupa, akaanza kulainisha mdomo mpya wa bunduki. 

Jumamosi asubuhi Bwana Haraka aliipokea akiwa juu ya farasi. Akaipima mkononi, akatabasamu.

"Inafanya kazi?"

"Nimekata ulipoonyesha, bwana."

Tulisubiri. Ukungu ulikuwa umeondoka juu ya mlima, mbwa wote wamenyamaza. Mlio ukaja kutoka upande wa mto, mmoja. Niliingoja sauti ya pili hadi masikio yakaanza kunidanganya.

"Imekwama," nikanong'ona.

"Imekwama," alisema Wekoye.  "Lakini ile ya kwanza haihitaji pumzi."

Hilo hakuwa ameniambia. Au aliniambia, nami sikumsikiliza hadi mwisho.

Tukasikia kengele. Mukhisa alikuja kwa njia ya mahindi, shati limeloa damu isiyo yake, mkononi ameshika kengele ya fahali wake. Alipita mbele yetu bila salamu, mdogo kuliko nilivyowahi kumwona, akaketi nyuma ya nyumba. Nilitaka kumkimbilia.

Kwato za farasi zilinizuia. Bwana Haraka alishuka, na safari hii hakuwa na haraka hata kidogo. Aliilaza bunduki juu ya meza ya karakana, ganda likiwa limebanwa kooni mwake, nusu ndani, nusu nje. Akavuta kigoda, akaketi.

"Fundi. Alhamisi wewe sema neno moja. Sema tena. Mimi nasikiliza."

Wekoye alinitazama. Mimi nikaokota kile kipande cha mtutu sakafuni, nikainama kwenye moto wa kufulia chuma, nikapuliza, na unga wa wimbi ukadondoka kutoka kwenye mkono wa gauni langu la jana, kidogo kidogo, juu ya makaa.