Dawa ya Kuongeza Kinga

Mwaka mmoja na miezi miwili baada ya Nafuna kumpa mdogo wake, Dismas, figo, kovu la ubavuni lilikuwa limeacha kumwasha, naye alikuwa amerudi kazini kwenye kiwanda cha nguo mjini Thika. Dismas naye, kule Mugutha, alikuwa amefungua tena kibanda chake cha kutengeneza redio. Kilichomnyima Nafuna raha ni mafua tu. Tangu mvua zianze, Dismas hakupitisha wiki bila kukohoa.

"Kinga yake iko chini huyo," Magdalene, jirani yake wa cherehani pale kiwandani, alimwambia. "Mtengenezee dawa ya kuloweka. Watoto wangu hawajui homa."

Nafuna hakungoja kuambiwa mara mbili. Jumamosi alienda sokoni, akarudi na tangawizi, vitunguu saumu, mizizi ya manjano na fungu la majani ya mwarobaini. Akaosha, akamenya, akakatakata mpaka kucha zikageuka rangi. Vyote akavitia kwenye chupa ya mdomo mpana, akamimina vodka hadi ikavifunika, akaiweka kabatini mbali na jua. Kila asubuhi aliitikisa kabla ya kwenda kazini. Wiki ya nne akachuja kwa kitambaa, akakamua mpaka viganja vikamuuma.

"Kijiko asubuhi, kijiko jioni, na maji," alimwambia Dismas.

Dismas aliigeuza ile chupa mikononi. Kisha akasema, "Asante, dada." Akameza cha kwanza palepale, akakunja uso kama aliyelamba betri, na wote wawili wakacheka.

Wiki ya tatu ya kunywa dawa hiyo, Dismas alipiga simu. Miguu ilikuwa imevimba na mkojo umekuwa kidogo. Nafuna aliomba ruhusa kazini, akampeleka kliniki.

Daktari Kitonga, aliyekuwa akimwangalia Dismas tangu upasuaji, alisoma majibu ya damu, akayarudia tena kutoka juu.

"Figo inakataliwa," alisema. "Umekuwa ukiruka dawa?"

"Hata siku moja, daktari."

"Kuna kitu kingine unakunywa?"

Dismas akainamisha kichwa. Nafuna ndiye aliyejibu, tena kwa fahari, kwa kuwa alidhani anasaidia. "Ni dawa yangu ya mitishamba. Ya kumwongezea kinga."

Daktari aliweka kalamu chini. "Mama, dawa tunazompa ni za kushusha kinga. Tunaishusha makusudi, mwili usitambue kwamba hiyo figo ni mgeni. Kinga ikiamka, inaipiga figo. Na mitishamba mingine inavuruga hizo dawa zenyewe. Siwezi kusema ni ile chupa pekee, lakini aiache leo."

Mkono ukamwenda Nafuna ubavuni wenyewe, pale penye kovu. Wiki tatu alikuwa akiipiga figo yake mwenyewe ndani ya mwili wa ndugu yake, kwa kijiko!

"Mayi wee," alisema. "Mbona hatukuambiwa?"

"Aliambiwa," daktari akajibu polepole. "Siku ya kutoka hospitali. Asinywe mitishamba yoyote bila kutuuliza."

Nafuna akamgeukia Dismas. "Ulijua?"

Dismas akainama kupandisha soksi kwenye mguu uliovimba.

"Dismas, nakuuliza. Ulijua, na ukameza mbele yangu?"

"Nilijua."

"Kwa nini?"

"Ulikuja na chupa umeibeba hivi, kama mtoto." Akakunja mikono kama anayepakata. "Wewe ulipasuliwa kwa ajili yangu, dada. Ningeanza aje kukukatalia kijiko?"

Maneno hayo yalimpiga kuliko ya daktari. Nafuna alikaa pale kitini, akamtazama mdogo wake kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana. Alikumbuka lile koti la kijani alilomnunulia, ambalo Dismas alilivaa hata kwenye jua kali. Alikumbuka kanisa alilomwamulia Dismas ahamie. Yote hayo, hakuwahi kusikia hapana.

Dismas alilazwa siku hiyo hiyo, akatundikiwa dawa kali kwa siku tatu. Siku ya nne mkojo ulirudi. Daktari alisema figo imeponea chupuchupu, ila imepoteza nguvu kidogo ambayo haitarudi.

Mchana huo Nafuna alikuja na chupa ya uji. Alikuwa ameuliza wauguzi kwanza, wakamruhusu. Akamimina kikombe, akakisukuma kwa Dismas.

Dismas alikitazama. Jasho jembamba likamtoka juu ya mdomo. "Sitaki, dada," alisema. "Uji siupendi. Sijawahi kuupenda."

Nafuna alishtuka. Miaka yote hiyo akimpikia! Akavuta kiti karibu na kitanda, akachukua kile kikombe, akaanza kunywa uji mwenyewe.

"Haya," alisema. "Sasa niambie unapenda nini."