Delko ya Zamu

Batu banasema mi niko na kinywa kali. Sikatae. Weye pia bwana yako akufe, akuachie batoto na Land Rover ya zamani, tutaona kama kinywa yako itabakia tamu.

Jina yangu Latifa. Bwana yangu Kasimu, Mungu amurehemu, alikuwa anasafirisha mizigo. Baba yake alitokaka Kasongo, kule Maniema. Kasimu na rafiki yake Tshimanga, fundi wa motokari, balinunua Land Rover mbili siku moja, wakati kampani ya shaba ilikuwa inauzisha bya zamani. Bakaingia mu klabu ya benye Land Rover. Ile wakati klabu ilikuwa ya muchezo: siku ya Mungu bazungu na bakubwa ba kazi banaenda kupitisha motokari mu matope ya Nzilo, banakwama, banacheka, banakunywa biere. Mi niliona ni ujinga mutupu. Kisha ikakuja mwaka ya kupora maduka. Bazungu bakaenda, kampani ikaanza kukufa polepole, mushahara ikakuwa hadisi. Klabu ikabakia, lakini sasa ya kutafuta bipande. Kila siku ya posho, njo Jumamosi, kisha saa sita ya muchana, tunatandika turubai kubwa kule Dilala, mutaa yetu ya Kolwezi, kila mutu anaweka chenye iko nayo: pampu ya mafuta, buji ya kuwasha moto, mupira, taa. Unauza, unanunua, ao unabadilisha na mwenzako.

Kasimu alipokufa, banaume ba klabu balizani nitauza motokari. Nilifika siku ya posho na kitambaa ku kichwa, nikaweka radiatere juu ya turubai, nikauliza nani iko na jaki ya kubadilisha. Bakacheka. Tshimanga peke yake hakucheka. Alisogea, akanionyesha fasi pembeni yake, akasema, "Mama Latifa, ikala hapa." Toka siku ile nilimupenda sawa ndugu yangu wa tumbo.

Sasa sikiliza mambo ya delko. Delko njo inagawanya moto ku buji, na bila moto injini haiamuke, hata uiombee dua. Delko ya Tshimanga ilikufa. Yangu pia ikaifuata. Mu Kolwezi muzima tulipata moja tu ya kufaa, tukainunua pamoja, nusu kwa nusu. Basi juma moja inalala kwangu, juma ingine inalala kwake. Bibi yake Mbelu njo alikuwa anaileta, imefungwa mu kitambaa yake ya manjano sawa mukate ya moto. Juma ikiisha, namurudishia mu kitambaa ile ile. Tunakunywa chai, tunasengenya kidogo. Alikuwa ananiita mukewenza, juu tulikuwa tunagawanya delko sawa banamuke ba bwana moja.

"Mukewenza, alilala muzuri kwako?"

"Alikoroma usiku muzima. Beba yeye, nimechoka naye!"

Tunacheka mpaka chai inamwangika.

Klabu ilikuwa na sheria moja kubwa: kipande ya zamu haiombwe mbele ya zamu. Tuliiweka juu kuombana kila siku kulikuwa kunavunja urafiki. Mutu mwenye heshima anangojea siku yake. Na kwa heshima, hakuna mutu alimupita Tshimanga.

Kisha ikakuja ile mambo ya siasa. Vijana bakaanza kuimba mu njia eti Bakasai, batu ba Kasai sawa Tshimanga, barudie kwabo. Kwabo wapi? Tshimanga alizaliwa hapa, kitovu yake ilizikwa Dilala! Lakini ukisema hivi kwa sauti, unaangaliwa. Na mi, mutu wa Maniema, nilikuwa naogopa. Wahenga balisema mwenzako akinyolewa, weye tia mayi. Mayi yangu ilikuwa ile motokari. Nilijua siku bakinigeukia, nitapakia batoto na kukimbia.

Ile juma delko ilikuwa kwangu. Mangaribi moja Tshimanga akafika, akakunywa chai yake, akaweka mukono juu ya kapo, kifuniko ya injini ya motokari yangu.

"Delko iko muzuri?"

"Iko muzuri. Kesho naenda Tenke kutafuta mahindi."

"Safari njema, mama Latifa. Uende polepole, njia iko na utelezi."

Akaaga, akaenda. Mi nikafunga mulango, nikaenda kulala.

Tenke mvua ilinifunga. Niliporudia Kolwezi, mbele ya kushusha mahindi nikapita kwa Tshimanga. Mulango ilitolewa. Madirisha ilitolewa. Sufuria moja ya Mbelu ilikuwa imepinduliwa mu lupango, kati ya uwa. Land Rover tu njo ilikuwa inasimama fasi yake, juu nani ataiba motokari yenye hailie? Jirani akaniambia kwa sauti ya chini, "Biko ku gare, mama. Banangojea treni."

Ku gare! Mungu wangu. Batu balijaa mpaka mu majani, familia juu ya familia, chini ya mashuka na bipande bya plastiki, mvua inabapiga, treni haionekane. Batoto balikuwa banakohoa pande zote. Asubuhi ile tu balikuwa bametoka kuzika babili. Nilizunguka nikiita mpaka sauti ikakauka. Nikabakuta nyuma ya ukuta. Mbelu alikuwa amekumbatia kitoto kake Ngalula, na mutoto alikuwa moto sana, macho nusu-nusu, hata kulia hawezi tena.

Nilipiga magoti, nikamushika Mbelu. Tulilia sisi babili. Kisha nikamugeukia bwana yake.

"Weye Tshimanga! Ulikuja kwangu, ukakunywa chai yangu, ukajua mambo iko namna hii! Juu ya nini hukuomba delko?"

Akaangalia chini. "Mama Latifa, juma ilikuwa yako."

"Ati nini?"

"Na batoto bako banakula na ile motokari. Sheria ni sheria."

"Sheria! Mutoto anakukufia mu mikono, unaniambia sheria? Kuuliza si ujinga, baba! Kama si hii batu, ningekupiga kofi!"

Mbelu, mu machozi yake yote, akacheka. "Umupige, mukewenza. Mi nilimwambia aombe. Akasema, tutaua urafiki."

Hasira yangu ikaisha pale pale. Nilimuangalia ule mwanaume, koti yake inatiririka mayi, heshima yake yote mu mwili, na roho ikaniuma. Nikamwambia, "Nipe ufunguo wa Land Rover yako. Ukiiacha hapa, vijana bataichoma."

Sitakudanganya. Mu njia ya kurudia nilifikiri batoto bangu. Nilifikiri, ukitoa delko hii, Latifa, na vijana bakikuja kwako kesho, utakimbia na nini? Miguu? Lakini nilisikia tena ule mutoto mwenye hawezi kulia, nikaenda moja kwa moja kwa Mukalay.

Mukalay njo alikuwa mukubwa wa klabu, Muluba wa Kabongo, mwenyeji wa jimbo hii, mutu mwenye vijana habawezi kusukuma. Nilimuelezea. Akakuna ndevu.

"Kuwasha ile motokari mu lupango ya Tshimanga, vijana biko pale ku kona. Bataona."

"Kesho ni siku gani?" nikamuuliza.

"Siku ya posho."

"Basi tutandike turubai kwa Tshimanga."

Akaniangalia, akaanza kucheka polepole.

Kesho yake, kisha midi, klabu yote ikafika na masanduku ya vifaa. Tukatandika turubai mbele ya ile nyumba bila mulango. Vijana bakakuja mbio. Bakaona tunafungua kapo, bakapiga makelele ya furaha: "Ee, banatoa bipande bya Mukasai! Mutoe yote, mama! Musimuachie hata buji!"

"Tutatoa mpaka skuru ya mwisho!" nikabajibu.

Kumbe tunatoa ya kufa, tunaweka ya kuishi. Kila mutu wa klabu alikuja na kile kizuri yenye iko nayo. Mwenze akatoa mupira ya Tshimanga yenye kupasuka, akaweka ya kwake mupya. Kazadi akatoa buji, akaweka za kwake, akaondoka na zile nyeusi mu mufuko sawa mwizi. Kijana moja akatushikia jaki, jasho inamutoka, anasifu namna tunamunyonyoa Mukasai! Nilimushukuru muzuri. Mwisho nikafungua kitambaa ya manjano, nikaweka delko kwa mikono yangu.

Mukalay akaingia, akabambia vijana ameinunua hii mifupa. Akazungusha ufunguo. Ikakohoa. Ikanyamaza. Nilisema bismillahi mu roho. Akazungusha tena, na ikalia.

Ku gare hatukukawia. Mukalay alipashwa kubapeleka mpaka Mwene-Ditu, kule Kasai, akisema Kiluba ku kila barière yenye kufunga njia. Tulibapakia. Nilifunga Ngalula kichwa na ile kitambaa ya manjano, juu ya baridi. Mbelu alinikamata shingo, hakutaka kuachia. Tshimanga alinikamata mukono na mikono yake yote mbili.

"Enda," nikamwambia. "Polepole, njia iko na utelezi."

Baada yake, ngojea. Motokari yangu ilikuwa inasimama mu lupango, kuku zinalala chini yake. Mahindi ikaisha. Nilikuwa nauzisha sahani zangu mu soko, na kila mara nilisikia treni ya mizigo nilitoka inje kuangalia kama Mukalay anashuka.

Siku moja akashuka. Alikonda, ndevu imejaa vumbi. Mbele hata ya kuikala akatoa mu koti kifungo ya kitambaa ya manjano, akaniwekea mu mikono. Nilijua uzito yake mbele ya kufungua.

"Balifika," akasema. "Mutoto ananyonya, analia mpaka majirani banachoka. Tshimanga aliitoa delko siku tulifika, injini ingali moto. Alisema nikuambie: alikaa nayo zamu yake na ya kwako. Sasa ni juma yako."

Nilifungua kapo, nikaiweka, na Land Rover ikalia sawa haikulalaka hata siku moja. Niliweka kichwa juu ya usukani, nikalia kwa nguvu, batoto banazunguka motokari banauliza nani amekufa. Hakuna mutu amekufa, nikabambia. Ngalula analia.

Nilienda Tenke, nikarudia na mahindi. Siku ya posho ikafika. Niliitoa delko, nikaipangusa mafuta, nikaifunga mu kitambaa ya manjano, nikaenda nayo ku turubai.

"Nani anajua mutu mwenye kuenda Mwene-Ditu?"

Mukalay akasimama. "Mama Latifa, uko na wazimu? Na weye utaikala na nini?"

"Juma yangu imeisha," nikamwambia. "Mukewenza anangojea."