Bitana Tatu

Sketi nyeusi ilikuwa na bitana tatu, na dada yangu alikuwa ameitandaza juu ya meza ya kukatia, akizihesabu kwa kidole. Fundi gani anatia bitana tatu kwenye sketi ya kushindia?

"Hizi za nini?" akaniuliza.

"Baridi," nikasema. Nje jua lilikuwa linachoma.

Miezi minane kabla ya hapo, daktari alituambia mimi na mume wangu kwamba saratani imeanza kwenye ukuta wa ndani wa mji wa mimba. Tiba ya uhakika ni kuutoa. Nikamwambia nina miaka thelathini na moja na sijapata hata mtoto mmoja wa kunikosesha usingizi. Akafikiri, kisha akasema kwa kuwa imewahiwa tunaweza kujaribu vidonge vya homoni, nichunguzwe kila miezi mitatu, ikisafika nitafute mtoto haraka, halafu ndipo watoe. "Lakini damu ikirudi, usikae nayo nyumbani hata wiki." Nikaapa. Kwa kuapa sijambo.

Uchunguzi wa kwanza ulionyesha inapungua. Siku hiyohiyo nikakata gauni dogo la njano, pindo vidole vinne, la kushushwa mtoto akirefuka. Dada alinicheka mpaka akatoka machozi: "Mwenyewe hajaja, nguo ishamngoja!"

Kisha damu ikarudi. Matone tu, nikajiambia ni vidonge. Lakini moyoni nilijua nikienda watautoa, na nilikuwa naogopa hilo kuliko kufa. Basi nikafanya ninachokijua: nikajishonea sketi nyeusi, bitana juu ya bitana, nikakaa kwenye cherehani nikitaniana na wateja kama kawaida. Tarehe ya uchunguzi wa pili ilipofika, nilimwambia mume wangu imeahirishwa. Akaniamini, maskini.

Dada hakupiga kelele. Aliikunja sketi, akawaomba radhi wateja wawili waliokuwa mlangoni, akafunga duka saa tano asubuhi.

"Mdogo wangu, unamficha nani? Kuficha mshono nimekufundisha mimi." Tukaenda hospitali.

Saratani ilikuwa imeshapenya ukuta. Walitoa mji wa mimba na vifuko vya mayai, kisha mionzi wiki tano. Daktari alisoma kwenye faili, mbele ya mume wangu, ile tarehe ambayo sikutokea, akafunua ukurasa unaofuata. Afadhali angenifokea.

Sasa ni mwaka wa saba. Watu wananipongeza kwa kupona, nami naitikia. Huenda vidonge visingefaa hata kama ningewahi. Huenda. Mume wangu yupo, ni mwema, na tangu siku ile hajaniuliza kuhusu ile tarehe. Nami sijathubutu kuyaanzisha mazungumzo hayo.

Wiki iliyopita mama mmoja alimleta binti yake apimwe sare ya shule. "Uache pindo kubwa, fundi. Huyu anarefuka kila kukicha." Nikaweka vidole vinne. Yule mama akawa anaangaza macho dukani, akaliona gauni la njano kwenye msumari, nyuma ya mabunda ya vitambaa.

"Zuri hilo! Mnaliuza? Nina mdogo wake nyumbani."

Nikajifanya natafuta chaki.

"Hilo lina mwenyewe," dada akajibu bila kuinua uso, akaendelea kushona.