Mtungi wa Mwatumu

Usingizi unamchukua Mwatumu mchana kweupe, ameegemea ukuta kwenye mkeka wa matanga, na maneno ya mdogo wake bado yanamchoma. Tangu mama yao azikwe jana, Nasra analia mpaka anazimia, akizinduka anacheka kwa kumbukumbu fulani ya mama, kisha analia upya. Mwatumu, ambaye mtaa mzima humwita maji ya mtungini kwa utulivu wake, hajatoa hata chozi. Na leo alfajiri, bila kuwaza, amewasha moto na kuchemsha chai ya tangawizi katika nyumba ambayo jiko lake haliguswi mpaka matanga yaanuliwe. Akina mama wamepigwa na butwaa. Nasra amesema mbele yao, Dada, wewe hukumpenda mama. Mwatumu mwenyewe hana hakika kama alimpenda.

Usingizini anavuka kizingiti kwenda uani, lakini uani hakuna. Kuna barabara, na barabara inazaa barabara, na kandoni nyumba zinatazamana zikifanana hadi nyufa za kuta, na mbele ya kila mlango kuna mtungi wa maji. Mtu anatembea ubavuni pake. Uso wake ni laini kama kitako cha sahani, hauna jicho wala mdomo, ila sauti anayo. Anamwambia kwamba hapa kila mtu huweka alichozaliwa nacho. Ardhi inatetemeka, mtungi mmoja unamwagika wote kisha unajaa wenyewe papo hapo, na shingoni umefungwa kanga ya Nasra. Mwingine unatokota bila moto. Mwingine unapasuka polepole, na mwenyewe yuko mlangoni anatabasamu. Ardhi inatetemeka tena, barabara inazunguka, inawafikisha kwenye mtungi uliofunikwa ambao hautikisiki. Mwatumu anaujua ni wake, na hofu inamshika. Wangu ni mtupu? anauliza. Umewahi kusikia kisima kikilia? anajibu asiye na uso.

Anafunua, anatia mkono. Maji ya baridi yanafika kiwiko, yanafika bega, na chini hakuna. Ndipo mkono mwingine unamshika kutoka humo, una kidole kilichopinda, kidole ambacho kila alfajiri kimepokea kikombe kutoka kwake. Mwatumu, sauti inasema, chai yangu tayari? Inamvuta, naye anataka kwenda. Anampenda mama yake, anampenda mno, na kulijua hilo kunamtisha kuliko mkono wenyewe.

Dada, amka. Ni Nasra anamtikisa. Mkeka upo, ukuta upo. Macho ya Mwatumu ni makavu, lakini mkono wa gauni lake umelowa hadi begani. Nasra anaugusa, anamlalia dada yake kifuani. Kisha ananusa hewa. Nani kawasha moto tena?

Akina mama wote wako mkekani. Jikoni kunatoka harufu ya tangawizi, na mlio wa kikombe kikiwekwa juu ya kisahani. Mwatumu anamwinua mdogo wake kidevu na kumtazama usoni, macho, pua, mdomo, kuhakikisha vyote vipo, kabla hajathubutu kumjibu.