Mshororo Uliobaki Handakini

Niliota usiku wa jana kwamba Jumatano ile aliyoondoka kaka yangu Ntandu imerudi. Imesimama mlangoni kwetu Singida, inaomba radhi kwa kuchelewa. Nikaikaribisha ndani. Ikakataa kiti, ikasema haitakaa sana kwa sababu Alhamisi iko nyuma yake.

Kaka yuko chumbani anafunga mabuti. Mama anamnyooshea shati, na pasi ya mkaa inamwambia, "Mama Ntandu, huko aendako hakuna atakayeangalia kola."

"Wewe fanya kazi yako," Mama anajibu.

Siku ile yenyewe, miaka mingi iliyopita, lori la jeshi lilipokuja mimi nilikuwa kisimani. Niliporudi nilikuta vumbi, na juu ya meza karanga zake alizozisahau. Hakurudi. Hatukuletewa hata kofia. Kwa hiyo safari hii sikwenda kisimani. Nilichukua karanga nikapanda naye.

Lori lilikuwa jiko letu. Lilitembea kwa mafiga matatu na hakuna aliyeona ajabu. Nilipogeuka kumpa kaka karanga, ukuta ukawa udongo mwekundu, maji yakanifika kwenye kifundo cha mguu, na tukawa handakini, vitani.

"Umekuja na kandambili," kaka akasema.

"Hukusema tunakwenda mbali."

Handaki hilo limechimbwa kwa kanuni za ushairi. Lina mishororo minne. Kila askari anakaa kwenye mshororo wake na haruhusiwi kutoka, la sivyo ubeti utawaporomokea wenzake. Katikati ya kila mshororo pana pumziko, na hapo ndipo wanapokunywa chai. Majina yote lazima yaishie kwa kina kimoja. Koplo Mashaka, kwa mfano, sasa anaitwa Mashandu. Mkewe bado hajaarifiwa.

Kofia ya chuma ya kaka iko motoni, imejaa maharage.

"Hujambo, Felista," inaniambia. "Usinionee huruma. Nimepikiwa mara nyingi kuliko nilivyovaliwa, na ndivyo ninavyopenda."

Namuuliza kaka mbona kumetulia hivi.

"Nimewatupia shairi wale wa handaki la ng'ambo," anasema. "Nao wanasema Kiswahili. Shairi la swali ni lazima lijibiwe, kwa vina vilevile. Jibu lisipokamilika, hakuna ruhusa ya kufyatua risasi hata moja. Ni sheria."

Anaghani kwa sauti yake ileile ya kuimbia akioga:

*Nakuuliza jirani, uliyeko ng'ambo huko,*
*Mvua yanyesha ndani, je, inanyesha na kwako?*
*Mama yangu yu shambani, naye yuko wapi wako?*
*Tugombee kitu gani, changu nini, nini chako?*

"Nani anajibu?"

"Sajini mmoja anaitwa Drani. Mtu mzuri, ila mvivu wa vina."

Ng'ambo inapaza sauti. "Ntandu, nani huyo anaongea? Mmeleta mwanamke?"

"Mdogo wangu, Felista. Ameleta karanga."

"Basi turushieni."

Tukarusha. Zilichukua muda kufika, maana zilisimama katikati kujadiliana. Drani akatafuna, akashukuru, akatoa jibu lake:

*Mvua ipo jamani, nimeloa kama huko,*
*Mama yangu yu jikoni, asonga kwa wake mwiko,*
*Sina changu mpakani, wala sikioni chako,*

"Wa nne umenishinda," akasema. "Nimeishiwa. Naomba msaada."

Hapo akatokea Afande, wa kwetu na wa kwao, mtu mmoja mwenye filimbi mbili. Alikuwa mkavu kabisa, ingawa mvua ilikuwa inanyesha.

"Risasi zinaota kutu," akasema. "Nani hapa amesoma?"

Kofia ikaniuma sikio, lakini ilikuwa imechelewa, mdomo wangu ulishajibu wenyewe. "Mimi, Afande. Kidato cha nne. Kiswahili nilifaulu."

"Malizia mshororo."

Neno nilikuwa nalo. Lote, hadi kina chake, lilikuwa juu ya ulimi na lilikuwa tamu. Nikamtazama kaka. Alikuwa amesimama kwenye mshororo wa tatu, maji magotini, anameza karanga bila kutafuna.

"Mdogo wangu," akasema polepole, "unakumbuka nilivyokufundisha kuhesabu mizani?"

"Kwa vidole."

"Basi hesabu. Usiharakishe."

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. *Basi turudi nyumbani.* Hiyo ni mizani nane. *Mimi kwangu.* Mikono ikaisha. Nikamwambia Afande inabidi nivue kandambili nitumie vidole vya mguu. Akaruhusu, maana sheria inasema kila mizani ihesabiwe. Nikavua ya kushoto. Kaka akaipokea, akaanza kukombea maji handakini.

*Mimi kwangu, we…*

"Nimepotea," nikasema. "Naanza upya."

Nikaanza upya. Nikapotea palepale. Ng'ambo, Drani akaanza kucheka taratibu, kisha akajilaza. Mashandu akalala. Maharage yakaiva tukala. Afande alikaa juu ya ndoo, filimbi zote mbili mdomoni, akisubiri.

"Unahesabu vibaya sana," kaka akaninong'oneza. "Mwalimu wako angelia."

"Twende nyumbani, kaka. Mama kashanyoosha shati."

"Nikitoka hapa ubeti unaanguka. Wewe nenda. Ila usimalize."

Jumatano ikachungulia juu ya handaki. "Felista, Alhamisi anagonga."

"Kandambili yangu," nikasema.

"Niachie," kaka akasema. "Maji bado mengi."

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, kukavu kama kawaida ya kwetu, mvua hatujaiona tangu Aprili. Kandambili ya kulia ilikuwa chini ya kitanda, mahali pake. Ya kushoto haikuwepo. Nimetafuta uvunguni, uani, mpaka kwenye banda la kuku.

Asubuhi hii nimekwenda kisimani mguu mmoja pekupeku. Mama Nyaso, jirani yangu, ameniuliza nyingine iko wapi.

"Kaka kaiazima," nikamwambia.

Amenitwisha ndoo, nami njia nzima nimekuja nikihesabu. Nikifika kwenye *we*, naanza upya.