Gobore la Marehemu

Seremala alirithi gobore la marehemu baba mkwe wake, na wiki hiyohiyo mama mkwe naye akahamia kwake. Gobore lilihitaji mafuta kidogo tu.

Nyuma ya karakana, kanga wa porini walikuwa wakifukua mbegu za mahindi. Seremala aliwafyatulia gobore, asimpate hata mmoja; wakaruka, wakatua palepale, wakaendelea kula. Basi akaamua kulipima gobore. Alitundika shuka kuukuu uani, akamimina baruti mdomoni mwa gobore, akashindilia kitambaa, akatia marisau, yaani vile vigololi vya risasi, akafyatua.

Moshi ulipotawanyika, shuka lilikuwa na matundu pembeni kote. Katikati palikuwa safi, upana wa sinia. Akaongeza baruti, akapiga tena. Pale palipokuwa safi pakapanuka.

Mama mkwe akatoka jikoni akijifuta mikono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Shuka langu hilo."

"Samahani, mama. Nilidhani ni la kutupwa."

"Lilikuwa la kutupwa. Sasa nalitaka." Akalikagua. "Hapa katikati naweza kukaa nikamenya viazi."

"Baruti ni kidogo, mama."

"Imezidi, baba. Marehemu naye alikuwa hivyohivyo, jambo likimkataa anaongeza nguvu. Hata kunichumbia alinichumbia hivyo. Na kitambaa chako kinene. Kikitoka kinazigonga risasi mgongoni, zinatawanyika. Weka kitu chembamba."

Seremala alishukuru kwa adabu, akanuna. Alisubiri mama mkwe aende sokoni ndipo akakata vizibo vya karatasi ngumu kwa patasi, akapunguza baruti, akalenga ubao mbovu. Safari hii matundu yalibanana katikati kama siafu kwenye tone la asali. Hakumwambia mtu.

Kesho yake jioni kanga mmoja aliingia chunguni. Wakaketi watatu mezani, seremala, mkewe na mama mkwe, wakila, huku vigololi vikidondoka sahanini: ti, ti, ti.

Mama mkwe akatema kimoja, akakitazama kwenye kiganja.

"Huyu hukumwinda, baba. Huyu umemjaza."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Mke wa seremala akashusha kijiko. Tangu mazishi hakuwa amemsikia mama yake akicheka.

Seremala alidhani mama mkwe amepaliwa. Akainuka mbio kumletea maji.